Jiwe la nyanya halijafa: jibu kuhusu almasi za mkato wa zamani

«Papa, jambo. Nina pete ya nyanya yangu. Alipewa mwaka 1960 na mama mmoja Mbelgiji aliyemfanyia kazi hapa Bukavu, siku yule mama alipokuwa anafunga masanduku kurudi kwao. Nyanya amenikabidhi niivae siku ya harusi yangu, mwezi wa nane. Ina jiwe moja jeupe, upana wake kama milimita 5, si duara kamili wala si mraba kamili. Nimeipeleka kwa fundi mmoja, akaiangalia kidogo akasema jiwe limekufa. Halimetimeti kama ya dukani, lina umanjano kwa mbali, na katikati lina tundu. Anasema ama ni kioo, ama ni almasi iliyochongwa vibaya. Anaweza kulituma likachongwe upya, au anibadilishie na jiwe la kisasa nikiongeza dola 80. Mchumba wangu anaona tubadilishe. Lakini juzi umeme ulikatika, tukawasha mshumaa, na lile jiwe likatoa rangi nyekundu na buluu ambazo sijawahi kuziona mchana. Nifanye nini? Tena shemeji yangu ana turmalini, vito vya kijani vya machimbo ya Numbi, bado vibichi, anataka kunichongeshea hereni zenye mkato huohuo wa zamani. Inafaa?»

Mama, hongera kwa harusi, na hongera pia kwa kusita kabla ya kutoa hizo dola 80. Unataka kujua kama jiwe hili ni almasi, kama limechongwa vibaya, na kwa nini halimeremeti kama ya dukani. Naanza na hilo la mwisho, maana mshumaa wako umeshalijibu nusu.

Umewahi kusimama Nguba ukatazama Ziwa Kivu saa kumi jioni? Siku yenye upepo, maji yanajaa vijimwanga vidogo maelfu, vinawaka na kuzima haraka kiasi kwamba huwezi kukifuata hata kimoja. Siku ya utulivu, wimbi ni pana na la polepole, na jua linapiga bamba moja kubwa la mwanga, linapotea, linakuja jingine. Maji ni yaleyale. Almasi ya dukani leo imechongwa iwe ziwa la upepo. Ya nyanya yako, kwa jinsi unavyoieleza, imechongwa iwe ziwa la utulivu. Fundi amezoea ziwa moja, akaliona la pili akasema limekufa.

Mwanga ukiingia ndani ya almasi hupinda sana, kuliko unavyopinda kwenye maji au kwenye kioo. Ukifika kwenye nyuso za chini za jiwe, ama unapenya na kupotelea upande wa kidole, ama unarudishwa juu kwenye jicho lako. Kinachoamua ni mwinamo. Kwa almasi, mwanga ukifika kwenye uso kwa mwinamo unaozidi nyuzi 24 na nusu hivi, ukipima kutoka kwenye mstari unaosimama wima juu ya uso huo, hauna mlango wa kutokea. Unarudi wote. Kwa kioo cha kawaida kizingiti hicho ni kama nyuzi 41, ndiyo maana kioo huvujisha mwanga mwingi hata ukikichonga kwa umbo lilelile. Kazi yote ya mchonga almasi ni kupanga nyuso ili mwanga ukose pa kutokea isipokuwa juu.

Mwaka 1919, Marcel Tolkowsky, kijana wa familia ya wachonga almasi wa Antwerpen, alichapisha hesabu ya jambo hilo: meza, yaani uso bapa wa juu, iwe asilimia 53 ya upana wa jiwe, taji, yaani sehemu ya juu inayozunguka meza, liinuke kwa nyuzi 34.5, upande wa chini ushuke kwa nyuzi 40.75. Brilianti za kisasa, zile almasi za duara za dukani, zinatokana na mwelekeo huo, na baadaye nyuso za chini zikarefushwa na kufanywa nyembamba zaidi. Ndizo zinazoleta vile vijimwanga vya upepo.

Wachongaji wa kabla yake walikwenda kwa jicho. Meza yao ni ndogo, taji ni refu, chini kuna kina, na nyuso ni pana. Uso mpana hutoa mmweko mpana, kwa hiyo unaona mimweko michache, mikubwa, yenye kutulia. Taji refu nalo hufanya mwanga utoke kwa mshazari mkubwa zaidi, na mwanga ukitoka kwa mshazari hugawanyika rangi: nyekundu kivyake, buluu kivyake. Lakini ili jicho lizione rangi hizo, chanzo cha mwanga lazima kiwe kidogo, kama utambi. Taa za mrija na paneli za dukani ni pana. Kila nukta yake inatoa upinde wake wa rangi, pinde zinalaliana, na zikilaliana zinarudi kuwa nyeupe. Wale wachongaji wa zamani walifanyia kazi watu waliokula chakula cha jioni kwa mishumaa. Ulipowasha mshumaa, ulilirudishia jiwe mwanga lililochongewa.

Sasa kuhusu hilo «tundu». Si tundu, mama. Upande wa chini wa almasi huishia kwenye ncha, na zamani ncha ile ilisagwa makusudi ikawa kiuso kidogo bapa, kwa sababu ncha kali humeguka kirahisi. Ukitazama kutoka juu, mwanga unaofika pale katikati unapita moja kwa moja, kwa hiyo unaona kiduara kama dirisha. Katika almasi za kisasa kiuso hicho kimekuwa kidogo mno au hakipo kabisa. Mimi nikiona pete ya zamani nakitafuta kwanza kile kiduara, na nikikikuta nafurahi.

Umbo lisilo duara wala mraba lina sababu yake pia. Almasi mbichi nzuri mara nyingi hukua kama piramidi mbili zilizounganishwa misingi, na ukiitazama kwa juu ni mraba. Mchongaji wa zamani aliumba kwa kusugua almasi mbili, moja dhidi ya nyingine, kwa mkono. Aliifuata almasi ilivyokua ili asipoteze uzito, akazungusha pembe tu, likatoka umbo la mto wa kulalia. Biasharani huitwa mkato wa migodi ya zamani, yaani migodi ya Brazili iliyotangulia ile ya Afrika Kusini. Mashine za kuviringisha almasi zilipoingia, kuanzia miaka ya 1870, ndipo mawe ya duara yakawa mengi: meza ndogo ileile, taji refu lilelile, lakini duara. Huo ndio mkato wa zamani wa Ulaya, uliotawala hadi kama 1930. Kwa maelezo yako, lako liko karibu zaidi na ule wa kwanza. Watu wa hapa hupenda kusema jiwe la Mbelgiji lazima litoke Kasai. Huenda, ila almasi za Kasai zilianza kuchimbwa mwanzoni mwa karne ya 20, wakati mkato huu ulikuwa tayari umeanza kuachwa.

Umanjano usikusumbue. Kwenye dhahabu ya njano huo ni upole tu, na mkato wenye kina huionyesha rangi zaidi kidogo. Bei inashuka kwa ajili ya umanjano, sikufichi, lakini uzuri wa pete haushuki.

Haya, ni almasi kweli? Mpaka hapa nimeongea kana kwamba ni almasi, na hilo halijathibitishwa. Ila historia yako inatusaidia. Zirkonia, ile inayouzwa kila kona kama almasi, iliingia sokoni mwaka 1976. Moisaniti, jiwe jingine la kutengenezwa linalofanana na almasi, iliingia kwenye vito mwishoni mwa miaka ya 1990. Kama jiwe halijabadilishwa tangu 1960, hizo mbili haziwezi kuwemo. Yanabaki hasa kioo, zirkoni ya asili (jiwe jingine, si ile zirkonia), yakuti nyeupe au spineli ya kutengenezwa, na almasi. Hapo penye «kama halijabadilishwa» ndipo pa kumuuliza nyanya, taratibu: je, pete imewahi kulala kwa fundi? Na ujue kwamba siku hizi mikato hii ya zamani inachongwa upya, hata kwenye zirkonia na almasi za maabara, kwa hiyo umbo peke yake si ushahidi wa umri.

Majaribio ya nyumbani yaache. Kukwaruza kioo hakuthibitishi kitu: hata kipande cha kwazi kutoka mlimani hukwaruza kioo cha dirisha. Lililo baya kuliko yote ni la nyundo. Naomba unisikilize hapa. Nilipokuwa kijana najifunza kazi, mama mmoja alileta almasi ya mkato wa waridi, ndogo, ya mama yake. Bwana mmoja mle karakanani akasema almasi haivunjiki, akaiweka juu ya chuma akaigonga. Ikapasuka vipande vitatu, safi, kama sabuni iliyokatwa kwa uzi. Almasi ni ngumu kuliko kitu chochote kwa kukwaruza, lakini ina pande nne ambazo hupasuka kirahisi ikigongwa. Kupasuka kule ndiko kulikothibitisha kwamba ilikuwa almasi ya kweli. Yule mama alivifunga vile vipande kwenye kitambaa, akaondoka bila kusema neno, na mpaka leo nikiona mtu anashika nyundo karibu na jiwe moyo unaniruka.

Njia nzuri ni jicho lenye lupu, kile kioo cha kukuzia, ya mara kumi pamoja na kalamu ya kupima joto. Kalamu hulia kwenye almasi kwa sababu almasi hupitisha joto upesi mno. Hulia pia kwenye moisaniti, basi lupu ndiyo inayomaliza: moisaniti huonyesha mistari ya nyuma ikiwa miwilimiwili. Zirkoni nayo hufanya hivyohivyo. Kioo kina viputo, na kingo za nyuso zake huwa zimelika kama ngazi ya nyumba ya zamani. Almasi ya miaka 100 bado ina kingo kali. Na kiuno cha jiwe, pale juu na chini zinapokutana, kwenye almasi ya zamani huwa na chengachenga kama za sukari, hakikung'arishwa.

Sasa ushauri wa fundi. Kuchonga upya kunawezekana, na kuna mawe ambayo ningekubali, mathalani jiwe lililomeguka vibaya ukingoni. Lakini chora mraba kwenye karatasi, kisha chora ndani yake duara kubwa kadiri linavyoingia. Pembe nne zinazobaki nje ni zaidi ya sehemu moja ya tano ya mraba wote. Jiwe lako pembe zake zimeshazungushwa, kwa hiyo hasara ya upande huo itapungua, lakini bado kuna taji la kupunguzwa na chini ya kupunguzwa. Unalipa kazi, unalipa safari ya jiwe, unarudishiwa jiwe dogo kuliko lako, linalofanana na mengine yote ya dukani. Zamani walichonga upya kwa wingi, na ndiyo sababu mawe yaliyobaki na mkato wake yanatafutwa leo. GIA yenyewe, maabara ya Marekani inayopima vito, haitoi alama ya mkato kwa jiwe la namna hii kwa vipimo vya brilianti ya kisasa. Hulitaja kwa jina la mkato wake tu.

Kuhusu kubadilishana, nasema wazi: usikubali. Sijui nia ya huyo fundi na simhukumu. Lakini mtu anayekuambia jiwe lako huenda ni kioo, halafu yuko tayari kulichukua na kukupa jingine, anahitaji kukueleza anataka kulifanyia nini hicho kioo. Tena jiwe la kisasa la milimita 5 linaloongezewa dola 80 tu huenda likawa zirkonia. Zirkonia si dhambi, wengi wanaivaa na inapendeza, ila mtu anunue anachokijua.

Fedha yako ipeleke kwenye makucha, vile vidole vya dhahabu vinavyolishika jiwe. Kwa pete ya umri huo hofu yangu iko kwenye dhahabu inayolishika jiwe, maana jiwe lenyewe linastahimili. Chukua uzi laini wa pamba, uzungushe juu ya makucha na uvute polepole. Ukinasa, kuna ukucha umeinuka. Kisha isogeze pete sikioni, uigonge kidogo kwa kidole. Ukisikia «tik tik», jiwe linacheza. Ivue, ifunge kwenye kitambaa, usiivae tena hadi itengenezwe, hata kwa picha za uchumba. Na kabla fundi hajawasha moto, mwambie aangalie kama pete ilishawahi kuunganishwa kwa lehemu ya risasi. Risasi ikipata moto juu ya dhahabu hula dhahabu, na mchana mmoja unaweza kuharibu pete nzima. Fundi mzuri hatakasirika kwa swali hilo.

Kuna jambo dogo ambalo huenda likakushangaza kuliko yote niliyosema. Almasi hupenda mafuta. Migodini walipitisha mchanga wenye maji juu ya meza zilizopakwa grisi, almasi zikanasa, mawe mengine yakaenda na maji. Kidoleni ni hivyohivyo: sabuni, losheni, mawese, vyote vinang'ang'ania upande wa chini wa jiwe. Mafuta yakigusa nyuso za chini, kile kizingiti cha mwanga kinapanda, na mwanga uliotakiwa kurudi unavuja. Miaka 60 ya jikoni inaweza kuwa nusu ya hicho «kifo». Tazama kwanza nyuma ya pete. Kama nyumba ya jiwe imefungwa kabisa kwa chuma, usiiloweshe hata tone, kwa sababu wa kale waliweka karatasi ya chuma inayong'aa nyuma ya jiwe, na maji huiua. Kama nyuma iko wazi na makucha ni mazima, chukua bakuli la maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, iache nusu saa, kisha piga mswaki laini wa mtoto kutokea chini. Fanyia mezani, mbali na sinki. Halafu subiri usiku, uwashe tena mshumaa.

Ukienda kwa fundi, nenda na mtu, na keti palepale hadi akurudishie. Piga picha ya jiwe kwa juu na kwa ubavu, mwambie akuonyeshe kwa lupu alama yoyote iliyo ndani, uichore kwenye karatasi. Jiwe likitolewa kwenye pete, lipimwe uzito mbele yako. Karati moja ni gramu 0.2. Fundi akisema lazima pete ilale kwake, omba risiti iliyoandika uzito na maelezo. Kwa uthibitisho ulio juu ya neno la fundi kuna CEEC, ofisi ya serikali inayotathmini na kuthibitisha madini ya thamani. Wataalamu wake wanajua almasi. Na kama itathibitika kuwa almasi na una ndugu anayesafiri Ubelgiji, maabara za Antwerpen hutoa cheti. Kwa harusi ya mwezi wa nane huhitaji kufika huko. Unahitaji makucha mazima.

Karibu niisahau turmalini ya shemeji. Mwambie wazo ni zuri, lakini asinakili pembe za almasi. Turmalini hupindisha mwanga kidogo zaidi ya kioo tu, kizingiti chake ni kama nyuzi 38. Upande wa chini ukichongwa kwa nyuzi 40 kama wa almasi, ukiinamisha kichwa kidogo tu katikati panafunguka kama dirisha na mwanga unavuja. Nyuzi 42 au 43 ni salama zaidi. Pia asitegemee zile rangi za mshumaa, turmalini haina nguvu ya kugawanya mwanga hivyo. Yenyewe inatoa kijani, na kijani kinapendeza zaidi kwenye mkato wa ngazi: mstatili wenye pembe zilizopunguzwa, nyuso ndefu zinazoshuka kama vidato, zikimulika moja baada ya nyingine unapogeuza shingo. Joseph Asscher wa Amsterdam aliufanya wa mraba mwaka 1902, nao kwenye hereni unapendeza mno. Kama mawe ni mepesi wa rangi na bapa, basi mkato wa waridi: chini bapa, juu kuba la vipembetatu. Haumetimeti, unang'aa taratibu kama maji asubuhi.

Kabla ya kukata chochote, ashike kila jiwe mbichi juani alitazame kwa ubavu, kisha kwa urefu, kutoka ncha hadi ncha. Turmalini nyingi za kijani kwa ubavu ni kama jani la muhogo, na kwa urefu ni nyeusi kama lami. Zikiwa hivyo, meza lazima ilale sambamba na urefu wa jiwe, la sivyo atakuletea hereni mbili nyeusi. Na yakishachongwa, kabla hayajatiwa kwenye dhahabu, yalaze juu ya gazeti. Ukiweza kusoma herufi kupitia katikati ya jiwe, mrudishie, akasage upande wa chini kwa mwinamo mkali zaidi. Jiwe litapungua kidogo, akubali tu.